Kompyuta ya Kuunganishwa na Mwisho wa Windows 10: Namna ya Kubadili Mfumo Endeshi Bila Kupoteza Kazi

Katika Marambo, kama ilivyo katika vituo vingi vya biashara vya Nachingwea na Ruangwa, huduma nyingi za Serikali humfikia mwananchi kupitia kompyuta ya mtu mwingine. Mzazi anayemsaidia mwanawe kuomba mkopo wa elimu ya juu, kijana anayetuma maombi ya kazi kupitia Ajira Portal, mfanyabiashara anayeshughulikia leseni yake katika mfumo wa TAUSI, wote huishia steshenari, mbele ya mashine moja yenye printa pembeni. Mashine hiyo ikilala siku tatu, huduma hizo nazo hulala siku tatu, au mwananchi hulazimika kupanda gari kwenda mjini kwa jambo ambalo lingemalizika kwa dakika ishirini.

Mashine hizi mara nyingi hazina jina la kiwanda. Kasha limetoka mahali pamoja, ubao mama mahali pengine, diski imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa, na fundi akaviunganisha vyote kwa bei ambayo mwenye duka aliimudu. Hakuna ubaya katika hilo. Kompyuta iliyounganishwa vizuri hutengenezeka kwa urahisi kuliko nyingi za kiwandani, kwa kuwa kila kipuri chake hununuliwa peke yake. Shida hujitokeza siku ya kubadili mfumo endeshi, yaani ile programu kuu, kama vile Windows, inayoziendesha programu nyingine zote pamoja na vifaa vya kompyuta. Kwa wamiliki wengi siku hiyo imekwisha kufika.

Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025

Windows 10 ilitolewa Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia kwa utaratibu wa kawaida. Kwa ukanda wetu tarehe hiyo iliangukia wakati wa msimu wa korosho, ambapo hakuna karani wala mwenye duka aliyekuwa na nafasi ya kufikiria habari za kompyuta. Tena asubuhi ya tarehe 15 mashine ziliwaka kama kawaida, printa zikachapa, na watu wakahitimisha kwamba maneno yote yale yalikuwa uvumi.

Hayakuwa uvumi. Kilichokoma ni matengenezo. Mfumo endeshi ni programu yenye mamilioni ya mistari ya maelekezo, na kila mwezi wataalamu, pamoja na wahalifu, hugundua humo nyufa ambazo mtu wa mbali anaweza kupenyeza mkono wake. Microsoft huziba nyufa hizo kwa masasisho yanayotolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Baada ya Oktoba 2025 nyufa zinaendelea kugunduliwa, ila kwa Windows 10 ya kawaida hakuna anayeziba. Kuna jambo baya zaidi: Windows 11 imejengwa juu ya sehemu kubwa ya Windows 10, hivyo kila ufa unaozibwa katika Windows 11 humwonyesha mhalifu mahali pa kuutafuta ufa kama huo katika toleo la zamani.

Mfano ulio hai ni wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuyafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000, kikidai fedha ili kuyafungua. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Ufa kilioutumia kirusi hicho ulikuwa umekwisha kuzibwa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo, takriban miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa hata na mfumo uliokwisha muda wake. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilihudumiwa, ila wenyewe hawakuwa wameweka masasisho. Ikiwa aliyepewa dawa asiinywe aliumia kiasi hicho, hali ya asiyepewa dawa kabisa haihitaji maelezo.

Upande mwingine wa jambo hili huja polepole. Programu nyingine nazo huacha kuutambua mfumo wa zamani, mojamoja. Kivinjari cha Chrome kiliacha kuihudumia Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023, na toleo la 109 likawa la mwisho kwake. Waliobaki na Windows 7 walianza kuona baadhi ya tovuti zikikataa kufunguka, wakidhani mtandao ndio mbovu. Windows 10 itapitia njia hiyohiyo, na tovuti za huduma za Serikali, ambazo kwa sababu za usalama hudai vivinjari vipya, haziwezi kuwa za mwisho kuikataa.

Kwa nini kompyuta ya kuunganishwa ni jambo la pekee

Kompyuta ya kiwandani ina mwenyewe. Kiwanda kimeijaribu na mfumo fulani, kimeweka kwenye tovuti yake draiva za modeli ile, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa kimoja kimoja, na mara nyingi kimeacha ndani ya diski sehemu ya siri ya kuirudisha mashine katika hali yake ya awali. Kompyuta ya kuunganishwa haina hayo. Ubao wake, kadi yake ya picha na kadi yake ya mtandao havikuwahi kujaribiwa pamoja na mtu yeyote isipokuwa fundi aliyeviunganisha, na yeye alivijaribu kwa mfumo uliokuwapo siku ile. Mwenye kompyuta hiyo ndiye kiwanda. Kazi ambayo kiwanda kingeifanya kabla ya sasisho kutolewa, yeye hana budi kuifanya mwenyewe.

Kwa hiyo usalama wa kubadili mfumo katika mashine ya namna hii hautokani na ubora wa mfumo mpya. Unatokana na uwezo wa kurudi nyuma. Mtu aliyehakikisha kwamba jioni ya leo anaweza kuirudisha kompyuta yake ilivyokuwa asubuhi anaweza kujaribu karibu kila kitu. Asiyeweza kurudi asiguse.

Je, mashine inakataliwa kweli, au imefichwa tu?

Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, inadai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi katika diski, ubao mama wenye utaratibu mpya wa kuwasha unaoitwa UEFI na uwezo wa Secure Boot, prosesa kutoka katika orodha maalumu, na kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho kazi yake ni kutunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo huanzia hasa kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Kizazi husomeka katika jina lenyewe: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8400 ni ya nane, i5-10400 ni ya kumi. Kwa upande wa AMD, prosesa za Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea hukubaliwa, isipokuwa chache.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha bure. Ubao mama unaouzwa peke yake mara nyingi hutoka dukani TPM ikiwa imelala, na fundi aliyeunganisha hakuwa na sababu ya kuiamsha. Microsoft inatoa programu ndogo ya bure ya kupima kompyuta, iitwayo PC Health Check, nayo itasema mashine haifai. Mwenyewe ataamini anahitaji kompyuta mpya. Kumbe ndani ya mipangilio ya BIOS kuna mstari mmoja, Intel PTT kwa ubao wa Intel au AMD fTPM kwa ubao wa AMD, unaosubiri kuwashwa. Kabla ya kununua chochote, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha soma kinachotokea. Ukiambiwa hakuna TPM na prosesa yako ni ya kizazi cha nane au zaidi, tatizo pengine liko katika mipangilio wala haliko katika vipuri.

Jambo la pili ni namna ya kuwasha. Andika msinfo32 kwa njia ileile, utafute mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, diski yako imepangwa kwa utaratibu wa zamani. Ukiingia katika BIOS na kubadili kwenda UEFI bila kuiandaa diski, kompyuta haitawaka, na kioo kitaonyesha kwamba hakuna diski yenye mfumo. Wengi hushtuka hapo. Fundi asiye makini husema diski imekufa, akaifomati, na hapo ndipo kazi ya miaka mitatu hupotea kwa kosa ambalo halikuwapo. Diski haijafa na mafaili yamo; rudisha mpangilio ulivyokuwa, na kompyuta itawaka. Ndani ya Windows 10 yenyewe kuna zana iitwayo mbr2gpt inayogeuza mpango wa diski bila kufuta mafaili, nayo hutangulia kukagua kama jambo hilo linawezekana kabla ya kugusa kitu. Hata hivyo isitumike mpaka mafaili yawe yamenakiliwa pengine.

Kuhusu kusasisha BIOS yenyewe, ushauri ni kuliacha jambo hilo isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mama waweza kufa moja kwa moja. Sote tunaufahamu umeme wetu wakati wa mvua za radi. Asiye na UPS iliyo nzima, isiyo pambo la mezani, asijaribu.

Diski ya zamani ikae kabatini

Katika lugha ya mtaani kazi hii huitwa kupiga Windows, na desturi imekuwa kuipiga juu ya diski ileile iliyokuwa ikitumika. Desturi hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi, na inafaa iachwe. Kompyuta ya kuunganishwa ina faida moja ambayo kompyuta mpakato nyingi za kisasa hazina: kasha lake hufunguliwa kwa bisibisi, na diski hutoka kwa kuchomoa waya mbili. Nunua diski mpya ya SSD ya gigabaiti 240 au zaidi. Zima kompyuta, itoe kwenye umeme, chomoa diski ya zamani, ibandike karatasi yenye tarehe, na iweke kabatini. Mfumo mpya uwekwe kwenye diski mpya. Ukikataa, au printa ikikataa, au ikagundulika baada ya siku mbili kwamba programu ya hesabu haifunguki, unachomeka diski ya zamani, unarudisha mipangilio ya BIOS uliyoiandika kwenye daftari au kuipiga picha kwa simu, na duka linafunguliwa asubuhi kama ilivyokuwa. Aidha, kompyuta iliyokuwa na diski ya kuzunguka hupata wepesi mkubwa kwa SSD, hivyo gharama hiyo si ya bima peke yake.

Pamoja na hayo, diski moja kabatini si nakala rudufu ya kutosha. Diski za zamani hufa hata zikiwa zimelala. Kabla ya kuichomoa, nakili mafaili kwenye diski ya nje au flashi kubwa, kisha nenda kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili matano au sita kutoka katika nakala hiyo, na uyasome. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Kunakili nako kuna undani wake. Mtu hunakili Documents na Desktop akadhani amemaliza. Programu nyingi za hesabu za maduka na za vyama vya msingi huhifadhi taarifa zake katika folda nyingine kabisa ndani ya diski C, na njia ya uhakika ni kutumia kitufe cha kutoa nakala kilicho ndani ya programu yenyewe. Barua pepe zilizopakuliwa, nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari, fonti za pekee zinazotumika kwenye vyeti na mialiko, draiva ya skana ya zamani ambayo sidii yake ilipotea mwaka wa kwanza: vyote hivi hukumbukwa siku ya pili baada ya kufomati. Chukua daftari, kaa mbele ya kompyuta kwa siku moja ya kazi, na uandike kila programu unayoifungua. Orodha hiyo ndiyo kipimo cha kama kazi imefanikiwa.

Wakati nao huchaguliwa. Chama cha msingi kisibadili mfumo wa kompyuta yenye orodha za wakulima na malipo yao katikati ya minada ya korosho, ufuta au mbaazi. Shule isifanye hivyo wiki ya kusajili watahiniwa. Steshenari iepuke kipindi ambacho dirisha la maombi ya mikopo liko wazi. Faili la kusimikia Windows 11 linazidi gigabaiti 5, hivyo lipakuliwe mapema, mahali penye mtandao mzuri, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Flashi zinazouzwa zikiwa na Windows tayari ndani yake zisitumike. Asiyejua nani aliitengeneza flashi ile hawezi kujua ameweka nini ndani.

Kwa kuwa tumefika hapo, ni lazima kusema wazi juu ya programu za kuamsha Windows bila leseni. Karibu zote hudai kwanza uzime kinga ya virusi. Mtu anayezima ulinzi wa nyumba kwa amri ya mgeni asiyemfahamu, kisha akamwachia mgeni huyo funguo zote, hapaswi kushangaa baadaye. Kubadili mfumo ili kupata usalama, halafu kuuamsha mfumo huo kwa programu ya namna hii, ni kurudi pale ulipoanzia, ukiwa umepungukiwa bando na siku moja ya kazi.

Jambo jingine halijulikani sana na lina madhara makubwa. Matoleo mapya ya Windows 11, kuanzia lile liitwalo 24H2, yakisimikwa upya na mtumiaji akaingia kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuifunga diski yote kwa ufunguo wa siri bila kuuliza. Ufunguo wa akiba, wenye tarakimu 48, hutunzwa katika akaunti iliyotumika wakati wa kusimika. Ikiwa fundi alitumia barua pepe yake ili kazi iende haraka, ufunguo wa mafaili yako uko kwake. Siku BIOS itakapobadilishwa au ubao mama ukiharibika, kompyuta itaudai ufunguo huo, na fundi huenda amekwisha kuhamia mji mwingine au amesahau nywila. Simamia mwenyewe hatua hiyo, tumia akaunti yako, na ufunguo uandikwe kwenye karatasi inayowekwa pamoja na nyaraka nyingine za duka.

Mashine ambazo kweli hazifai

Kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa vipuri vya mwaka 2010 hadi 2016 hazitakidhi masharti hata BIOS ipangwe vipi. Kwa hizo ziko njia kadhaa, nazo hazilingani.

Njia ya kununua muda ni mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama kwa Windows 10. Kwa watumiaji binafsi mpango huo unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu anaweza kujiunga bila malipo ikiwa atakubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30 za Marekani. Kompyuta iwe na Windows 10 toleo la 22H2. Mpango wa watu binafsi haukusudiwi kwa matumizi ya biashara wala ofisi. Taasisi zina mpango wao, unaoanzia dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu. Kwa mashine iliyounganishwa miaka kumi iliyopita, mwaka wa pili na wa tatu wa malipo hayo unaweza kuzidi thamani ya mashine yenyewe.

Njia inayopendwa na vijana wetu ni kulipita lango. Zipo zana za kusimika Windows 11 kwenye kompyuta isiyokidhi masharti, na hufanya kazi. Microsoft yenyewe imeeleza kwamba kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na onyo hilo limekwisha kuonekana kwa vitendo: toleo la 24H2 lilipotoka mwaka 2024, prosesa za kale za enzi ya Core 2 zilishindwa kabisa kuliwasha, kwa kuwa hazina baadhi ya amri ambazo toleo hilo linazihitaji. Waliokuwa wamepita lango kwa toleo la awali wakajikuta wamefika ukingoni. Kwa kompyuta ya nyumbani ya kutazamia filamu, majaribio haya hayana neno. Kwa kompyuta inayobeba rejista ya wanafunzi, hesabu za chama cha msingi au riziki ya familia, ushauri wetu ni kutofanya hivyo.

Njia inayostahili kuzingatiwa zaidi, na ambayo hutajwa kwa nadra, ni kuhamia mfumo wa Linux. Linux Mint, kwa mfano, inaridhika na gigabaiti 2 za kumbukumbu ingawa 4 ni bora, inahitaji gigabaiti 20 za diski, haidai TPM, na haina ada. Toleo lake la 22 linahudumiwa hadi mwaka 2029. Kwa mwenye kompyuta ya kuunganishwa ina faida ambayo Windows haitoi katika faili lake la kawaida la kusimikia: huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unaiwasha, unafungua tovuti ya TAUSI au ya mikopo, unachapa karatasi moja, unasikiliza sauti, unajaribu skana. Kifaa kikikataa umekijua kabla ya kubadili chochote. Unachomoa flashi, unawasha upya, na Windows yako iko palepale. Hakuna njia nyingine ya kukijaribu kiatu kabla ya kukilipia.

Wazo hili si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoweza kutumika bila ada ya leseni. Mrithi wa programu hizo leo ni LibreOffice, ambayo huja pamoja na Mint na hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa nyaraka zenye mapambo mengi huweza kusogea mpangilio. Mapungufu mengine yasemwe pia: programu za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows pekee mara nyingi hazitafanya kazi, na baadhi ya printa huhangaisha. Lakini steshenari ambayo kazi yake ni kivinjari, barua na kuchapa haitapungukiwa na mengi.

Panapokosekana yote haya, kompyuta yenye Windows 10 inaweza kubaki kazini ikiwa imechomolewa kwenye mtandao: kuandika barua, kuchapa mitihani, kutunza orodha. Hata hivyo flashi zinazoingia na kutoka zikaguliwe kwanza kwenye mashine iliyo salama, kwa sababu virusi vilikuwa vikisafiri kwa flashi kabla bando halijafika kwetu.

Taarifa za wateja na kompyuta za umma

Fungua Desktop ya kompyuta ya steshenari yoyote na utaona vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na picha za paspoti vya watu waliohudumiwa miezi mingi iliyopita. Wenyewe hawajui kwamba nakala zao zimo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo yenye kusimamia utekelezaji wake. Kabla ya kunakili chochote kwenda kwenye mfumo mpya, huu ni wakati mwafaka wa kufuta nyaraka za wateja ambazo hazina kazi tena. Kisichokuwamo hakiibiwi.

Kwa kompyuta za ofisi za kata na vijiji, shule na zahanati, mtumishi asibadili mfumo kwa uamuzi wake wala kwa fundi wa mtaani, hata kama anao uwezo wa kufanya hivyo. Mashine hizo hufungua mifumo ya fedha na ya taarifa za wagonjwa, nayo ina masharti yake. Suala lifikishwe Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri, likiambatana na karatasi yenye jina la ubao mama, prosesa, kiasi cha kumbukumbu, aina na umri wa diski, pamoja na ile orodha ya programu zinazotumika. Mtaalamu aliyepata karatasi hiyo mapema huja na draiva sahihi kwenye flashi. Asiyeipata huja kuangalia, hurudi, kisha huja tena.

Diski ya zamani iliyo kabatini iachwe humo hadi mzunguko mmoja kamili wa kazi upite: kwa duka, kufunga hesabu za mwezi, kwa shule, muhula, kwa chama cha msingi, msimu mmoja wa mauzo. Baada ya hapo ifutwe kabisa kwa programu inayoandika juu ya diski nzima, kwa kuwa kufomati kwa haraka huacha mafaili yakiwa yanafufulika. Ikiwa imeharibika na haiwezi kufutwa, ipigwe nyundo hadi sahani zake za ndani zivunjike au kupindika, ndipo ipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.